Sukari, presha na kiuno cha mtumishi wa hospitali

Mwaka 1953 Jeremy Morris, daktari wa Uingereza, pamoja na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet matokeo ya uchunguzi wao kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Ndani ya kila basi walikuwamo watu wawili: dereva aliyekaa kitini zamu nzima, na kondakta aliyepanda na kushuka ngazi akikata tiketi. Wote wawili walitoka katika tabaka lile lile la jamii na walikuwa na mwajiri mmoja, lakini madereva walipatwa na magonjwa ya moyo zaidi kuliko makondakta. Miaka mitatu baadaye watafiti hao walirudi na jambo ambalo halitajwi sana. Walikwenda kwenye kumbukumbu za sare, wakalinganisha ukubwa wa suruali walizopewa watu wa makundi hayo mawili, wakakuta kwamba viuno vya madereva vilikuwa vinene zaidi, hata miongoni mwa vijana. Kwa hiyo huenda sehemu ya tofauti ile mtu aliingia nayo kazini, na sehemu nyingine ndiyo aliyoongezewa na kazi.

Nimeufikiria uchunguzi huo mara nyingi kwa sababu ninafanya kazi katika maabara ya hospitali, na hospitali ni basi lenye nafasi nyingi zaidi ya mbili. Chini ya paa moja kuna muuguzi wa zamu ya usiku, daktari aliyeitwa kutoka kitandani kabla usingizi haujakolea, karani wa masijala ambaye hajainuka tangu asubuhi, msafishaji anayepiga deki korido ndefu, msukuma machela, mpishi, mfua mashuka, mfamasia aliyesimama nyuma ya dirisha la dawa, mhasibu, mlinzi wa lango, na sisi tulioinamia hadubini. Orodha ya mishahara huwaita wote watumishi, na takwimu za afya yao, pale zinapokuwapo, huwagawa kwa vyeo. Ninaona kwamba cheo ni kipimo hafifu. Sukari, presha, mafuta ya damu na kiuno cha mtu hufuata zaidi yale yaliyomo ndani ya siku yake ya kazi: saa anazokuwa macho, saa anazokula, muda anaokaa au kusimama, uzito anaoinua, na kiasi cha uamuzi alichoachiwa juu ya mambo hayo.

Sare zetu, kwa bahati mbaya, zisingemsaidia Morris hata kidogo. Suruali za wodini na za chumba cha upasuaji hufungwa kwa kamba, na kamba hulegezwa kidogo kidogo kwa miaka bila mtu yeyote kwenda kuomba saizi nyingine.

Vipimo vyenyewe si vigumu kuvieleza. Mwaka 1988 Gerald Reaven, daktari wa Marekani, alitoa mhadhara mbele ya Chama cha Kisukari cha Marekani, akaeleza kwamba sukari iliyopanda, shinikizo la damu na mafuta mabaya ya damu havikutani ndani ya mtu mmoja kwa bahati tu. Vina mzizi wa pamoja, nao ni mwili kuacha kuitikia ipasavyo insulini, homoni ya kongosho inayoitoa sukari kwenye damu. Kundi hilo la kasoro leo huitwa sindromu ya kimetaboli. Kwa makubaliano ya taasisi kadhaa za kimataifa yaliyotolewa mwaka 2009, mtu huhesabiwa kuwa nayo akiwa na kasoro tatu kati ya tano: kiuno kilichozidi kiwango, trigliseridi (aina ya mafuta ya damu) zinazofikia milimoli 1.7 kwa lita, lehemu nzuri ya HDL iliyo chini ya 1.0 kwa mwanamume au 1.3 kwa mwanamke, presha ya juu inayofikia 130 au ya chini inayofikia 85, na sukari ya kufunga, yaani inayopimwa kabla ya kula, inayofikia milimoli 5.6 kwa lita. Anayemeza dawa kwa ajili ya mojawapo ya kasoro hizo huhesabiwa kuwa bado anayo, hata kama dawa imeishusha.

Kiwango cha kiuno ndicho chenye mabishano, kwa kuwa hutofautiana kati ya jamii na jamii. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari liliweka sentimita 94 kwa wanaume wenye asili ya Ulaya na 80 kwa wanawake wao, likaweka 90 kwa wanaume wa Asia ya Kusini, na watu wa Afrika kusini mwa Sahara likawaazima namba za Wazungu mpaka zitakapopatikana takwimu zao wenyewe. Msomaji anayejipima nyumbani na aizingatie namba hiyo, lakini ajue kwamba si amri iliyotolewa na mwili wake.

Hakuna hata moja kati ya kasoro hizo tano inayouma. Mtu anaweza kuwa nazo zote na bado akamaliza zamu, akapokelewa na mwenzake, akarudi nyumbani akilalamikia miguu tu.

Eneo lenye ushahidi mwingi zaidi ni kazi ya usiku, na sehemu kubwa ya ushahidi huo ilitoka kwa wauguzi wenyewe. Mwaka 1976 nchini Marekani ulianzishwa uchunguzi wa muda mrefu ulioandikisha wauguzi wanawake 121,700, na mwaka 1989 ukafuatwa na wa pili ulioandikisha wengine zaidi ya 116,000. Walijaza madodoso kila baada ya miaka miwili, wakieleza uzito wao, chakula chao, magonjwa waliyoyapata na zamu walizofanya. Mwaka 2011 An Pan na wenzake walichapisha hesabu iliyotokana na makundi hayo mawili kuhusu kisukari cha aina ya pili. Waliochunguzwa walikuwa wauguzi wa zamu za kupokezana, maana yake waliofanya angalau usiku mara tatu kwa mwezi pamoja na zamu za mchana na jioni. Wakilinganishwa na wasiofanya zamu hizo, waliozifanya kwa mwaka mmoja hadi miwili walikuwa na hatari iliyozidi kwa asilimia 5. Miaka mitatu hadi tisa, asilimia 20. Miaka kumi hadi 19, asilimia 40. Na miaka 20 au zaidi, asilimia 58. Watafiti walipouingiza uzito wa mwili katika hesabu, ile 58 ikashuka hadi 24. Sehemu kubwa ya madhara, basi, hupita kwenye unene, lakini inabaki sehemu ambayo unene peke yake hauielezi.

Ngazi hiyo ya namba inanivutia zaidi ya kilele chake. Kama usiku ungekuwa kichaka cha kujificha wale ambao tayari wana tabia mbaya, tungetegemea tofauti ionekane mapema na ibaki ilivyo. Inapopanda pamoja na miaka, mtu hushawishika kwamba kuna kitu kinachojilimbikiza.

Kuhusu kitu hicho, fiziolojia ina maelezo mazuri. Ndani ya ubongo, juu kidogo ya mahali mishipa ya macho inapokutana, kuna kiini kidogo cha seli kinachoendesha saa ya mwili, na mwanga unaoingia machoni ndio unaoirekebisha kila siku. Ini, kongosho, misuli na mafuta ya mwili vina saa zao pia, ambazo kwa kiasi kikubwa hufuata wakati wa kula. Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young walipewa Tuzo ya Nobeli ya mwaka 2017 kwa kufumbua, katika nzi wa matunda, jinsi jeni zinavyozungusha saa ya namna hiyo. Kwa mtu anayelala usiku, saa hizi zote huenda pamoja: giza likiingia, homoni ya melatonini hupanda, utoaji wa insulini hupungua, na mwili hujiandaa kukaa bila chakula hadi asubuhi. Chakula kile kile kikiliwa usiku huipandisha sukari juu zaidi kuliko kikiliwa asubuhi. Muuguzi anayekula saa nane za usiku chini ya taa kali anaiambia saa ya ubongo jambo moja na saa ya ini jambo jingine, na kongosho lake linapokea mzigo katika saa ambayo limepunguza kazi.

Mwaka 2009 Frank Scheer na wenzake walilijaribu jambo hilo maabara. Watu kumi waliojitolea waliishi siku kumi ndani ya chumba kilichodhibitiwa, kila siku ikiwa na saa 28, ili usingizi na milo yao vizunguke kwenye saa zote za mwili. Walipofika mahali ambapo wanakula na kulala kinyume kabisa na saa zao za ndani, sukari ilipanda kwa asilimia 6 ingawa insulini nayo ilikuwa imepanda kwa asilimia 22, leptini, homoni inayoupa ubongo habari ya shibe, ilishuka kwa asilimia 17, na presha ilipanda kwa asilimia 3. Kati ya wanane waliokuwa na vipimo kamili vya sukari baada ya mlo, watatu walifikia kiwango cha mtu anayekaribia kisukari. Haukupita hata mwezi, na hakukuwa na mgonjwa aliyepiga kengele.

Mwaka 2021 baadhi ya watafiti hao walifanya jaribio jingine ambalo kila mpanga zamu angepaswa kulijua. Watu 19 waliigiza kazi ya usiku. Wengine walikula usiku na mchana kama ilivyo desturi ya watu wa zamu, wengine wakala mchana tu. Wastani wa sukari ya kundi la kwanza ulipanda kwa asilimia 6.4, na kwa kundi la pili haukupanda kwa kiasi cha maana. Ni jaribio dogo, na chumba cha utafiti hakifanani na wodi ya wazazi, ambako mtu hutembea, huinua na hutoka jasho. Siwezi kumwambia mtu wa zamu ya saa 12 akeshe na tumbo tupu. Ninachokiona kuwa cha busara ni mlo kamili kabla ya kuingia zamu, mwingine baada ya kuamka mchana, na katikati ya usiku kitu kidogo kisicho na sukari nyingi. Ugumu ni kwamba saa hizo jiko la hospitali mara nyingi limefungwa, na kinachopatikana ni soda, biskuti na chai yenye sukari ya kumwamsha mtu. Katika hali hiyo ushauri wa lishe unaotolewa bila jiko hunifanya nimwonee huruma anayeutoa.

Wauguzi wanastahili shukrani kwa kujaza madodoso hayo yote, lakini usiku wa hospitali si wao peke yao. Yupo mtaalamu wa maabara wa zamu, dereva wa gari la wagonjwa, msafishaji wa mapokezi ya dharura, msukuma machela, na mlinzi, ambaye pengine hufanya usiku mtupu mwaka hadi mwaka. Watu hudhani kwamba mlinzi wa namna hiyo ameshazoea. Kwa kawaida mwili hauzoei kabisa, kwa sababu kila asubuhi anarudi nyumbani katika mwanga wa jua unaoirudisha saa yake nyuma, na siku za mapumziko anaishi mchana pamoja na familia yake. Kisukari cha muuguzi tunaweza kukitolea asilimia kwa kila kundi la miaka. Mlinzi amesimama mita chache kutoka hapo, na ni mara chache mtu amemuuliza.

Kwa madaktari nitapita haraka kidogo. Tatizo lao kubwa ni usingizi uliokatwa vipande kuliko zamu iliyopangwa. Mwaka 1999 Karine Spiegel, Rachel Leproult na Eve Van Cauter waliwaruhusu vijana 11 wa kiume kukaa kitandani saa nne tu kwa usiku sita mfululizo. Uwezo wao wa kuiondoa sukari kwenye damu ulishuka waziwazi, na homoni ya kortisoli, ambayo jioni inapaswa kuwa chini, ilibaki juu. Vijana hao walikuwa wazima kabla ya jaribio. Daktari aliye mafunzoni anaweza kuishi hivyo kwa vipindi vinavyorudi mara kwa mara, na akala mlo wake wa kwanza saa za alasiri. Anachokuwa nacho, ambacho wengine hawana, ni mshahara wa kununua chakula bora, sauti katika kupanga kazi yake, na njia ya mkato ya kujipima.

Hiyo njia ya mkato naijua vizuri, kwa maana inapita dirishani kwetu. Mtumishi anakuja na tyubu ya damu yake mkononi, haina fomu wala namba ya usajili, anasema “nipimie hii haraka, nitapita jioni”, na majibu yanakwenda kwenye simu yake yakiishia huko. Hakuna faili linalofunguliwa, hakuna anayemfuatilia baada ya miezi mitatu, na yeye mwenyewe ndiye anayeamua kama sukari ya 6.2 ni kitu cha kuhangaikia. Wanaotumia dirisha hilo ni madaktari, wauguzi na sisi wenyewe wa maabara. Sikumbuki msafishaji akija na tyubu. Ili apimwe, inambidi apange foleni pamoja na wagonjwa, siku ambayo huenda hatalipwa.

Wanaokaa ni kundi jingine, na humo nawaweka makarani wa masijala, wahasibu, wapokea simu, na kwa sehemu kubwa ya siku watu wa hadubini. Hawa huondoka saa za kawaida, hulala usiku na hula kwa wakati, na kwa hiyo husahauliwa katika mazungumzo ya hatari za kazi. Misuli ya miguu na mapaja ndiyo ghala kubwa linalopokea sukari baada ya mlo, na inapokazwa huivuta sukari kutoka kwenye damu hata bila msaada mkubwa wa insulini. Ikikaa kimya, kazi yote hubaki kwa insulini, na mafuta yaliyomo kwenye damu huchelewa kuondolewa. David Dunstan na wenzake, nchini Australia, walionyesha mwaka 2012 kwamba watu wazima wanene waliokatisha kukaa kwa kutembea dakika mbili kila baada ya dakika 20 walikuwa na sukari na insulini za chini zaidi baada ya mlo kuliko walipokaa mfululizo, na kutembea polepole kulitosha. Kati ya hatari zote ninazozizungumzia hapa, hii ndiyo rahisi kuliko zote kuirekebisha, na inakera kwamba vifaa vipya vya ofisi karibu vyote huletwa ili mtu asiinuke: faili linakuja kwenye skrini, printa inawekwa mezani, simu inawekwa sikioni.

Kutoka hapo watu wengi hukimbilia hitimisho lisilo sahihi, kwamba msafishaji, mfua mashuka na msukuma machela wamesalimika kwa kuwa wanatembea siku nzima. “Kazi yake ni mazoezi tosha,” huambiwa, hata na watu waliosomea tiba. Data hazikubaliani na kauli hiyo. Katika utafiti wa Copenhagen uliochapishwa mwaka 2021, Andreas Holtermann na wenzake waliwafuatilia watu wazima 104,046 kwa takriban miaka kumi. Waliofanya mazoezi mengi wakati wa mapumziko walipatwa na mashambulizi makubwa ya moyo na mishipa kwa kiwango cha chini zaidi. Waliokuwa na kazi nzito sana za mwili walipatwa nayo zaidi, kwa asilimia 35, kuliko waliokuwa na kazi nyepesi, hata baada ya kuzingatia uvutaji wa sigara, elimu na mambo mengine ya maisha.

Wapo wanaosema kwamba kinachoonekana hapo ni umaskini na si kazi yenyewe, na kwamba hesabu hazijaweza kuutenganisha kabisa. Huenda wana ukweli kiasi. Hata hivyo, ukiutazama mwili ulivyo kazini, tofauti inaeleweka. Mazoezi huwa mafupi na makali, yanafuatwa na pumziko, na mtu huyaacha anapochoka. Kupiga deki ni juhudi ya chini inayoendelea kwa muda wa saa nane, mapigo ya moyo yakiwa juu kidogo muda wote lakini yasifike kiwango kinachouimarisha moyo. Kuinua mgonjwa au kusukuma toroli la mashuka yaliyolowa hupandisha presha ghafla huku pumzi imebanwa. Na kusimama mahali pamoja hulimbikiza damu miguuni. Kesho yake yanaanza upya kabla misuli haijapona. Mtu huyo akifika nyumbani hana nguvu ya kutembea kwa hiari yake, na kutembea kwa hiari ndiko kungemfaa.

Juu ya mwili kuna suala la nani anaamua. Robert Karasek aliandika mwaka 1979 kwamba kazi inayochosha akili zaidi ni ile yenye madai makubwa na uhuru mdogo wa kuamua, na hospitali ina kazi nyingi za aina hiyo katika ngazi zake za chini. Uchunguzi wa Whitehall wa pili, ulioanza mwaka 1985 kwa watumishi 10,308 wa serikali ya Uingereza, ulilipima jambo hilo kwa vipimo vya mwili. Mwaka 2006 Tarani Chandola, Eric Brunner na Michael Marmot walitoa taarifa kwamba watumishi waliorudia kukutwa na msongo wa kazi, mara tatu au zaidi katika kipindi cha miaka 14, walikuwa na uwezekano wa kupata sindromu ya kimetaboli unaozidi mara mbili ule wa wasiokuwa na msongo. Hao walikuwa watu wa ofisini, hawakuinua chochote kizito, na wote walikuwa na ajira ya kudumu.

Kwa sababu hizo, ninaposoma jedwali linalosema kwamba kisukari ni kingi kwa watu wa utawala kuliko kwa wauguzi, au kinyume chake, maswali yangu huanza kabla ya asilimia. Watu wa utawala mara nyingi ni wakubwa kwa umri, na baadhi yao walikuwa wauguzi wa usiku walioondolewa zamu baada ya kupata presha. Ukiwapima siku moja, utaihesabu presha hiyo upande wa ofisi ilhali ilianzia wodini. Wanaobaki kwenye zamu ya usiku ni wale ambao miili yao bado inaivumilia, kwa hiyo kundi lao linaonekana zima kuliko zamu yenyewe inavyostahili kusifiwa. Hili ndilo lile la suruali za madereva: watu hawagawanywi kwenye kazi kwa kura. Halafu kuna wasafishaji, walinzi na wapishi ambao wameajiriwa na kampuni ya nje na hawamo kabisa katika orodha ya watumishi, hivyo wasipokuwapo kwenye jedwali hakuna anayegundua kwamba wamekosekana.

Upande wa maabara una mtego wake. Sukari ya kufunga ilitungiwa kiwango kwa ajili ya mtu aliyelala usiku na kukaa bila kula saa zisizopungua nane. Muuguzi anayetoka zamu saa moja asubuhi na kupitia kwetu amekunywa chai yenye sukari saa kumi alfajiri, na hata asipoinywa, amekesha, homoni zake hazipo pale zinapotarajiwa kuwa, na presha yake haijapata ule mteremko wa usingizi. Namba yake ikiwekwa safu moja na ya mhasibu aliyeamka nusu saa iliyopita, tunalinganisha vitu viwili visivyolingana. Kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu na ambacho kisukari hutambuliwa kikifikia asilimia 6.5, hukwepa tatizo hili, kwa kuwa hakitegemei kufunga wala saa ya siku. Nacho kina mipaka: upungufu wa damu na selimundu hukipotosha, na hivyo lazima mtu aulizwe kuhusu damu yake kabla ya kuamini jibu.

Haki ya kupimwa ipo katika maandishi. Mkataba namba 171 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1990, unampa mfanyakazi wa usiku haki ya kuomba kuchunguzwa afya bila malipo kabla ya kuanza kazi hiyo, tena kwa vipindi, na wakati wowote anapopata matatizo yanayohusiana na usiku. Na asipofaa kwa sababu za kiafya, ahamishiwe kazi inayofanana na hiyo pale inapowezekana. Mkataba huo unazungumzia wafanyakazi, hautaji vyeo. Umoja wa Ulaya, kwa agizo lake la mwaka 2003, umeweka pumziko la angalau saa 11 mfululizo katika kila saa 24, jambo linalozuia mtu kutoka zamu ya jioni na kurudi alfajiri. Kwa upande wa ratiba, wengi wanaoshughulikia afya ya kazi hupendekeza zamu zisogee mbele, kutoka asubuhi kwenda jioni kisha usiku, kwa sababu saa ya mwili huvumilia kuchelewa kulala kuliko kuwahi. Na idadi ya usiku wa mfululizo iwe ndogo. Mambo haya hayahitaji mashine mpya. Yanahitaji mpanga zamu mwenye watu wa kutosha, na hapo ndipo mazungumzo mengi ya afya ya watumishi hukatika, kwani idadi ya watu huamuliwa na ofisi ambayo haikeshi.

Ninalolitaka kutoka kwa wale wanaoandaa upimaji wa watumishi ni dogo zaidi. Fomu yao, badala ya kuishia kwenye cheo, iulize mtu amefanya usiku kwa miaka mingapi hata kama sasa ameacha, amelala saa ngapi kabla ya kuja, amekula lini, anakaa au anasimama kwa muda gani, na anaweza kupumzika bila kuomba ruhusa au la. Mkataba wa hospitali na kampuni ya usafi au ya ulinzi uwe na kifungu kinachowaingiza watu hao katika upimaji, ndani ya saa za kazi na bila kukatwa malipo. Na upimaji wenyewe usifanyike ukumbini asubuhi pekee, wakati nusu ya wanaouhitaji wamelala na nusu nyingine wana ndoo mkononi. Utepe wa kiuno na mashine ya presha hubebeka, ilimradi saa ya kipimo iandikwe, na tyubu ya HbA1c inaweza kuchukuliwa langoni kwa mlinzi saa tano usiku kama inavyochukuliwa kwa mhasibu saa tatu asubuhi; sisi wa maabara tupo saa zote mbili.